Squid inakufa kwa ombi moja: maswali yanayoulizwa mara kwa mara kuhusu CVE-2023-50269 na ndugu zake

Haya ni maswali yale yale yanayorudi kila mara kwa sisi tunaotunza proksi za mashuleni, maofisini na kwenye kafe za intaneti, kwa hiyo nimeyaweka sehemu moja. CVE ni namba rasmi ya kutambulisha kasoro ya usalama kwenye programu. Kama Squid yako inakufa kufa sasa hivi na watu wamekusimamia mlangoni, ruka hadi swali la 11, mengine utayasoma ukitulia.

## Ya mwanzo kabisa

1. Squid ni nini, na kwa nini bado iko kwetu mpaka leo?

Squid ni programu ya proksi, inakaa katikati ya kompyuta za watumiaji na intaneti. Mtu akiomba ukurasa, ombi linapita kwa Squid kwanza, Squid ndiyo inatoka nje kuuchukua, na ikiona inafaa inabaki na nakala ili mtu wa pili asiufuate tena mbali. Ilianza mwaka 1996 kutoka kwenye mradi wa Harvest huko Marekani, ni programu huria, na mlango wake wa kawaida ni 3128.

Huku kwetu iliingia kwa sababu ya gharama ya intaneti. Kabla kebo ya SEACOM haijafika Dar es Salaam na Mombasa mwaka 2009, ofisi nyingi zilikuwa zinategemea VSAT, yaani intaneti ya setilaiti, unalipa hela nyingi kwa spidi ndogo sana, kwa hiyo kompyuta moja kuukuu yenye Linux na Squid ilikuwa inaokoa pesa kweli kweli. Siku hizi karibu kila tovuti ni HTTPS na kuhifadhi nakala hakusaidii kama zamani, lakini Squid imebaki kwa kazi nyingine, kuzuia tovuti, kudai nywila, kujua nani kaenda wapi, kugawa spidi. Na shida inaanzia hapo, mashine iko kwenye kabati inafanya kazi, aliyeiseti alishahama, na hakuna anayeigusa kwa kuogopa kuiharibu.

2. Shambulio la kunyima huduma ni lipi? Maana yake nimeibiwa data?

Hapana, kunyima huduma ni kuifanya seva ishindwe kuhudumia watu. Kuna namna mbili na watu wanazichanganya sana. Ya kwanza ni mafuriko, maelfu ya mashine zinakutumia maombi mpaka laini inajaa. Ya pili ndiyo tunayoongelea hapa: kuna kasoro ndani ya programu yenyewe, ukiigusa pale panapouma inaanguka. Hii ya pili haihitaji jeshi la kompyuta, laptop moja na ombi moja lililotungwa vizuri vinatosha, na laini yako itaonekana iko wazi kabisa wakati watu hawapati kitu.

Naomba usiseme "ah, ni DoS tu" (DoS ni kifupi cha Kiingereza cha kunyima huduma). Kama ofisi nzima inatoka nje kupitia mashine moja, ikifa hiyo mashine mifumo ya malipo haifunguki, barua pepe hazitoki, mtihani wa mtandaoni unakatika katikati. Anayeumia ni yule dada wa mapokezi mwenye foleni ya watu kumi na tano mbele yake, hana habari kama kuna kitu kinaitwa Squid.

3. CVE-2023-50269 ni nini hasa?

Ni kasoro iliyotangazwa na mradi wa Squid Desemba 2023. Iko kwenye namna Squid inavyosoma heda (mstari wa maelezo unaosindikiza ombi) inayoitwa `X-Forwarded-For`. Mtu akituma ombi lenye heda hiyo ikiwa ndefu kupita kiasi, na Squid yako imeambiwa iifuate heda hiyo, prosesi inaanguka hapo hapo. Matoleo yanayoguswa ni 2.6 hadi 2.7.STABLE9, 3.1 hadi 5.9, na 6.0.1 hadi 6.5. Dawa iliingia kwenye 6.6.

Angalia hizo namba vizuri, 2.6 ni toleo la miaka ya 2000 huko. Kasoro imelala ndani kwa zaidi ya miaka kumi na tano, tumeiseti, tumeifundisha kwa wengine, na hakuna aliyeona.

4. Kwa nini heda tu iue programu nzima? Inatokeaje ndani?

`X-Forwarded-For` ni orodha ya anwani za IP. Ombi likipita kwenye proksi kadhaa, kila moja inaongeza mwishoni anwani ya aliyemletea, kama barua inayogongwa muhuri kila ofisi inayopita. Squid ikitaka kujua mtumaji wa kweli inaanza na anwani ya mwisho na kurudi nyuma moja moja, na kwa kila anwani inauliza sheria zako: huyu naye ninamwamini? Ukisema ndiyo, inakwenda ya nyuma yake.

Sasa kosa liko kwenye namna ilivyoandikwa. Badala ya kuzunguka kwenye orodha na kumaliza kila hatua kabla ya kwenda nyingine, kipande kile cha programu kilikuwa kinajiita chenyewe kabla hakijamaliza, nacho kinajiita tena, na tena, na kila kujiita kunaacha mzigo kwenye staki, yaani ile sehemu ya kumbukumbu ambayo programu inaandika "nikimaliza hapa nirudi wapi". Anwani tatu hamna shida. Anwani maelfu, ambazo zinaingia bila tabu kwenye heda ya kilobaiti 64, staki inajaa, prosesi inagusa sehemu isiyo yake na mfumo wa uendeshaji unaiua.

Kwenye 6.6 waliweka kikomo: Squid inafuata anwani 64 za kwanza, zinazozidi inazipuuza.

## Je, na mimi nimo?

5. Nitajuaje kama Squid yangu imeathirika?

Lazima mambo mawili yakutane, toleo na konfigi (mipangilio iliyo kwenye faili la squid.conf). Toleo unaliona kwa `squid -v`. Konfigi unaitafuta hivi:

`grep -rn '^ *follow_x_forwarded_for' /etc/squid/`

Ukipata mstari wenye `allow`, na toleo lako liko kwenye orodha ya swali la 3, umo. Usipopata kitu chochote basi kwa CVE hii hauguswi, kwa sababu Squid isipoambiwa inaipuuza hiyo heda. Ila usifunge ukurasa, soma swali la 16 kwanza, kuna ndugu zake ambao hawahitaji mstari huo.

Nimeweka alama ya `^` kwenye amri kwa makusudi, faili la Debian na Ubuntu limejaa maelezo yanayoanza na `#`, bila hiyo alama utaletewa mistari mingi ambayo haifanyi kazi yoyote na utapata presha bure.

6. Kwenye squid.conf nimeona `forwarded_for delete`. Ndiyo hiyo?

Siyo. Hapa watu wengi sana wanajikwaa. `forwarded_for` inahusu kile ambacho Squid inakiandika kwenda nje, je iwaambie tovuti IP ya ndani ya mtumiaji au iifiche. `follow_x_forwarded_for` inahusu kile ambacho Squid inakiamini kikiingia, na kasoro iko kwenye hii ya pili. Kuweka `forwarded_for delete` ni vizuri kwa faragha lakini hakukukingi na hili hata kidogo, nimeshaona mtu anaandika kwenye ripoti kwamba tatizo limeshughulikiwa kwa sababu ya mstari huo, na halijashughulikiwa.

7. Nina Debian 12, `squid -v` inasema 5.7 na apt inasema hakuna jipya. Nimeachwa?

Si lazima. Debian, Ubuntu, Red Hat na wenzao huwa hawapandishi namba ya toleo katikati ya safari, wanachukua ile pachi (kipande cha marekebisho) na kuirudisha kwenye toleo la zamani, namba ya mbele inabaki ile ile na kinachobadilika ni ile mikia ya paketi. Kwa hiyo 5.7 ya Debian iliyoapdetiwa na 5.7 uliyoikompaili mwenyewe kutoka kwenye msimbo ni vitu viwili tofauti.

Uliza historia ya paketi yenyewe. Kwa Debian na Ubuntu: `apt changelog squid | grep CVE`. Kwa Red Hat na jamaa zake: `rpm -q --changelog squid | grep CVE`. Ukiona 2023-50269 imetajwa, umepona kwa hii. Usipoiona, hakikisha hazina ya apdeti za usalama haijazimwa kwenye mashine yako, kwenye seva za zamani ni kawaida kukuta mtu aliizima ili kuokoa MB halafu akasahau kuirudisha.

Na kama mfumo wenyewe umeshapitwa na muda wa sapoti hakuna pachi inayokuja, hata ukae unasubiri.

8. Proksi yangu iko ndani, nyuma ya fayawoli, hakuna anayeifikia kutoka nje. Kuna haja ya kuhangaika?

Ipo, na hili ndilo swali ambalo ningependa kila mtu alisome mara mbili.

Proksi ni mashine ambayo kazi yake ni kuongea na kila mtu. Upande mmoja wanafunzi, wafanyakazi, wageni wa Wi-Fi, simu zenye programu za ajabu. Upande wa pili kila tovuti duniani ambayo hao watu wataitembelea. Fayawoli inamzuia mtu wa nje asianze mazungumzo na Squid yako, sawa, lakini haimzuii mwanafunzi mdadisi wa kidato cha tano mwenye laptop na jioni nzima ya bure. Na kwa zile kasoro zinazochokozwa na majibu ya seva za mbali, adui anasubiri tu mtu wako mmoja abonyeze linki, Squid inamfuata yenyewe mpaka mlangoni kwake.

Kwa hiyo usipime hatari kwa kuuliza "proksi yangu iko wazi?" peke yake. Uliza ni nani wanaoruhusiwa kuitumia na wanaruhusiwa kwenda wapi. Shule moja niliyokuwa naisaidia, mashine ilikuwa imefungwa vizuri sana kwa nje, na kila Ijumaa jioni ilikuwa inakufa. Tulilaumu umeme, tukalaumu diski, tukabadilisha hadi RAM. Chanzo kilikuwa ndani ya maabara ile ile.

## Dalili

9. Nitaona nini kwenye logi kama nimepigwa?

Angalia `cache.log`, kwa kawaida iko `/var/log/squid/`. Ukikuta `FATAL: Received Segment Violation...dying.` au mzazi anasema mtoto ametoka kwa `signal 11`, prosesi imegusa kumbukumbu isiyo yake na kuuawa, hiyo inaendana na kujaa kwa staki. `signal 6` mara nyingi ni Squid yenyewe imejikagua, ikakuta hali ambayo haikutegemea na kujizima.

Usitegemee `access.log` ikuoneshe mkosaji. Squid huwa inaandika mstari pale ombi linapokwisha, na ombi lililoiua halikuisha. Unachoweza kufanya ni kuangalia sekunde za mwisho kabla ya kila kifo na kutafuta IP inayojirudia, au kunasa trafiki kwa `tcpdump` kwenye mlango wa 3128 ukisubiri irudie. Signali ya 11 peke yake haithibitishi kwamba ni CVE hii, hata RAM mbovu inaleta hivyo hivyo, kwa hiyo usikimbilie kumshika mtu shati.

10. Kwa nini mwanzoni inajirudisha yenyewe halafu baadaye inakaa karibu saa nzima imekufa?

Squid ina prosesi ya mzazi na ya mtoto. Kazi yote anafanya mtoto, mzazi anamwangalia tu, akifa anazaa mwingine papo hapo. Ndiyo maana shambulio la mara moja unaweza hata usiligundue, watu wanalalamika tu kwamba intaneti imekatika kidogo imerudi.

Lakini mtoto akifa haraka haraka mara kadhaa mfululizo, mzazi anakata tamaa. Utaona ujumbe kwamba prosesi `will not be restarted for 3600 seconds due to repeated, frequent failures`. Hiyo ni saa moja, na inatoka kwenye mpangilio wa `hopeless_kid_revival_delay` ambao chaguo-msingi lake ndilo hilo. Maana yake mshambuliaji hahitaji kukaa anakupiga kutwa, anatuma maombi machache mfululizo, anaenda zake kula, wewe umekaa gizani saa nzima kwa hisani ya programu yako mwenyewe.

Unaweza kuupunguza huo muda, au kuristati kwa mkono. Ila kumbuka kila kufufuka kuna gharama: mazungumzo yote ya HTTPS yaliyokuwa yanapita yamekatika, upakuaji umekatika, na kama una kache kubwa kwenye diski Squid inaanza kujenga upya faharasa yake, utaona `Rebuilding storage ... (dirty log)`, na kwenye diski ya zamani hapo kila kitu kinakuwa kizito.

## Kurekebisha

11. Nifanye nini leo hii, kwa ufupi?

Kwanza apdeti paketi ya Squid, kisha uhakikishe kwa njia ya swali la 7 kwamba pachi imeingia kweli. Kama hakuna apdeti, ondoa mistari yote ya `follow_x_forwarded_for` kwenye konfigi (weka `#` mbele), kagua kwa `squid -k parse`, halafu `squid -k reconfigure`. Hiyo ndiyo njia ya muda iliyotolewa na mradi wenyewe. Kabla ya kuondoa soma swali la 13, usije ukafungia watu nje.

Ukiapdeti, ristati kweli. Paketi mpya kwenye diski huku prosesi ya zamani bado inakimbia haikusaidii chochote.

12. Nikiongeza RAM au nikipanua staki kwa ulimit je?

RAM haina uhusiano, staki ina kikomo chake chenyewe, kwenye Linux nyingi ni MB 8 hata kama mashine ina GB 64. Kupanua kwa `ulimit -s` kunaweza kusogeza mbele ile sehemu ya kuanguka, lakini kasoro iko pale pale. Usitegemee hiyo, weka pachi.

13. Nina HAProxy (programu inayopokea maombi kwanza na kuyagawa) mbele ya Squid na nahitaji IP halisi za watumiaji. Nikitoa mstari huo si kila mtu ataonekana ana IP moja?

Ndiyo, na kama sheria zako za kuruhusu zinategemea IP zitavurugika, wote wataonekana wametoka kwenye HAProxy. Hapa una njia tatu.

Njia nzuri kuliko zote kama hauwezi kupata pachi ni kutumia itifaki ya PROXY. Kwenye Squid unaweka `http_port 3128 require-proxy-header` pamoja na `proxy_protocol_access` ukitaja anwani ya HAProxy tu, na upande wa HAProxy unaweka `send-proxy` kwenye mstari wa seva. IP halisi inakuja kwenye kichwa cha muunganisho, `X-Forwarded-For` haihitajiki tena. Squid ina uwezo huu tangu 3.5.

Ya pili ni kuisafisha heda mlangoni. HAProxy ifute yoyote iliyoletwa na mtumiaji kwa `http-request del-header X-Forwarded-For` halafu iandike yake moja kwa `option forwardfor`. Kama aliye mbele ni nginx, basi tumia `proxy_set_header X-Forwarded-For $remote_addr;` na siyo ile ya `$proxy_add_x_forwarded_for` ambayo kila mtu anainakili kutoka kwenye mifano, kwa sababu ile inaongeza tu juu ya takataka alizoleta mtumiaji. Njia hii inafaa pale tu ambapo hakuna anayeweza kuifikia Squid bila kupitia mbele, kwa hiyo funga 3128 kwa fayawoli.

Ya tatu, ambayo ufanye hata kama umeshaweka pachi: kama umeandika `follow_x_forwarded_for allow all`, ondoa hiyo `all` na utaje proksi zako tu. Kuamini kila mtu kunamruhusu yeyote kujiandikia IP anayotaka, na sheria zako zote za kuzuia zinakuwa hazina maana.

14. Tulikompaili Squid wenyewe miaka hiyo, hakuna paketi. Tunafanyaje?

Andika pembeni vigezo vyote vinavyotoka kwenye `squid -v` kwa sababu ndivyo vilivyotumika kuikompaili, chukua msimbo wa toleo jipya, kompaili kwa vigezo hivyo kwenye mashine nyingine, jaribu konfigi yako kwa `squid -k parse`. Ukitoka 3.x kuja 6 au 7 kuna mipangilio iliyobadilika majina na mingine imeondolewa kabisa, itakulalamikia mmoja mmoja na utarekebisha. Tenga siku nzima.

15. Nijaribu kuipiga seva yangu mwenyewe nione kama imepona?

Kwenye mashine ya majaribio, sawa. Kwenye seva ambayo watu wanaitumia, hapana, na kwenye seva ya mtu mwingine ni kosa la jinai, sheria za makosa ya mtandao za mwaka 2015 kwa Tanzania na 2018 kwa Kenya zote zinagusa kuingilia mifumo ya watu. Historia ya paketi inakupa jibu bila kumkatia mtu intaneti.

## Ndugu zake

16. Sina `follow_x_forwarded_for` kabisa. Nimesalimika?

Kwa CVE moja. Zingine za kunyima huduma kwenye Squid ile ile unatakiwa uzijue.

Zinazochokozwa na mtumiaji wa ndani: CVE-2023-46847 iko kwenye uthibitishaji wa Digest, mtindo mmojawapo wa kudai nywila, mtu anaweza kumwaga hadi MB 2 za data kwenye kumbukumbu ya Squid, na hana haja ya kuwa na nywila sahihi. Dawa ni 6.4, na njia ya muda ni kuzima Digest.

Zinazoweza kuchokozwa na seva ya mbali: CVE-2023-46724 ni cheti cha TLS kilichotungwa vibaya kwa makusudi, inagusa wanaotumia SSL-Bump, yaani wanaofungua HTTPS za watumiaji ili kuzikagua, dawa ni 6.4. CVE-2023-46728 inahusu Gopher, itifaki ya kale ambayo watumiaji wako wengi hawajawahi hata kuisikia, lakini ilikuwa imewashwa muda wote kwenye Squid zote kabla ya 6.0.1, na hata seva ya Gopher isiyo na nia mbaya inaweza kuiangusha. Hiyo unaizima kwa mistari miwili tu na sioni sababu ya yeyote kutoizima leo:

`acl gopher proto gopher`
`http_access deny gopher`

Iweke juu ya sheria zako za kuruhusu, ikiwa chini haitafikiwa.

Halafu kuna CVE-2024-25617, heda kubwa kupita kiasi kutoka upande wowote, mtumiaji au seva, na kabla ya 6.5 ilitosha tu kwamba umeacha `request_header_max_size` na `reply_header_max_size` kama zilivyokuja. Na CVE-2024-25111, ya vipande vya data vinavyotumwa kwa mtindo wa chunked, kuanzia 3.5.27, hii ni ndugu wa damu wa ile ya swali la 4, tatizo ni lile lile la kipande kujiita chenyewe bila kikomo. Dawa yake ni 6.8 na hakuna njia ya muda, konfigi yoyote haikusaidii.

17. Mbona zimetoka nyingi kwa mpigo?

Mwaka 2021 mtafiti Joshua Rogers aliukagua msimbo wa Squid kwa kina akakuta kasoro 55. Aliziripoti kwa utaratibu, akasubiri, na Oktoba 2023 akaziweka hadharani wakati 35 bado hazijapata dawa. Yeye mwenyewe alisema timu ya Squid ilimpa ushirikiano, shida ni kwamba ni watu wachache mno kwa kazi iliyopo.

Hapa mimi nasikitika kweli. Programu ambayo nusu ya ofisi nilizofanya kazi zilikuwa zinaitegemea kila siku inatunzwa na watu wachache, na sisi tunaoitumia bure hata taarifa ya hitilafu hatuandiki. Kama una kijana kwenye timu anayejua C++, kumwachia masaa mawili kwa wiki aisaidie Squid ni kitu cha maana sana.

18. Na ile Rapid Reset iliyotikisa dunia, inaigusa Squid?

Hapana, Rapid Reset, CVE-2023-44487, iko kwenye namna HTTP/2 inavyotumika, mtumaji anafungua ombi na kulifuta papo hapo maelfu kwa maelfu, seva inabaki na kazi ya maombi ambayo hayapo. Google walipima maombi milioni 398 kwa sekunde, na ilitangazwa 10 Oktoba 2023, wiki ile ile karibu na ripoti ya Rogers, ndiyo maana watu wanaziunganisha. Squid haiongei HTTP/2. Lakini kama mbele yako kuna nginx au Envoy, huko kunakuhusu.

19. Natumia Squid ndani ya pfSense (mfumo wa fayawoli). Vipi?

Netgate, wenye pfSense, walitangaza kwamba paketi ya Squid hawaipendekezi tena kwa sababu ya kasoro hizi hizi na wakashauri watu waiondoe. Kama unaihitaji Squid, iweke kwenye mashine yake peke yake yenye mfumo unaopata pachi. Fayawoli na proksi kukaa sanduku moja ina ubaya mwingine, proksi ikila kumbukumbu yote na fayawoli inayumba.

20. Kwa hiyo niachane na Squid?

Inategemea unaitumia kwa nini. Kama ni kuhifadhi nakala ili kuokoa intaneti, pima kwanza, angalia kwenye `access.log` mistari ya `TCP_HIT` (ukurasa umetolewa kwenye nakala) ni mingapi ukilinganisha na `CONNECT` (HTTPS inapita tu bila kufunguliwa). Kama karibu yote ni `CONNECT` basi hakuna nakala inayohifadhiwa, unabeba hatari bila faida. Kama ni kuzuia tovuti tu, DNS yenye kichujio inaweza kukutosha. Kama unahitaji nywila na kumbukumbu za nani kaenda wapi, mimi ningebaki na Squid, toleo jipya, konfigi fupi, kila kisichotumika kimezimwa.

## Kona kona

21. Nina Squid mbili, moja ikifa watu wanahamia nyingine. Inatosha?

Kwa diski kufa, ndiyo. Kwa shambulio la namna hii, hapana, kwa sababu zote mbili zina kasoro ile ile na anayeweza kuifikia ya kwanza anaweza kuifikia ya pili. Vile vile kuweka `workers 4`, ni watoto wanne wa kuuawa badala ya mmoja.

22. Nikiapdeti, kile kikomo cha anwani 64 kitaharibu kitu kwa watu wa kawaida?

Sijawahi kuona ombi halali lililopita proksi hata 10. Ukikuta unafika 64, una proksi zinazozungushiana maombi zenyewe, tafuta huo mzunguko.

23. Nimepandisha hadi 6.6 na bado inakufa. Nini tena?

6.6 imefunga hii moja, ya chunked bado iko wazi hadi 6.8. Halafu kuna CVE-2024-45802 kwenye kitu kinachoitwa ESI (njia ya kuunganisha ukurasa kutoka vipande), ambacho kuanzia 6.10 kinakuja kimezimwa na kwenye 7 kimeondolewa kabisa. Kwa hiyo usisimame katikati, ukishatenga muda wa kupandisha nenda hadi toleo jipya kabisa. Kwenye 7.2 wamefunga pia CVE-2025-62168, hiyo siyo ya kunyima huduma, ni mbaya kwa namna nyingine, kurasa za makosa zilikuwa zinaweza kuvujisha taarifa za kuingilia. Kama huwezi kufika huko leo, weka `email_err_data off` usiku huu huu.

Na kama uko kwenye toleo jipya na bado unaona `signal 11`, washa core dump (nakala ya kumbukumbu ya programu inapokufa), pima RAM kwa memtest, halafu peleka taarifa kamili kwa mradi wa Squid. Ukiona dalili za mtu kukupiga kwa makusudi, Tanzania kuna TZ-CERT chini ya TCRA na Kenya kuna KE-CIRT/CC chini ya Mamlaka ya Mawasiliano, wapelekee logi zenye saa sahihi. Saa ya seva yako iwe imelandanishwa kwa NTP kabla ya hapo, logi yenye saa ya mwaka juzi haimsaidii mtu.